Kisanduku cha Saba

Fomu ina kurasa kumi na tisa
na theluji imefika usawa wa dirisha.
Februari, Ishpeming, saa tano usiku.
Greda la theluji limepita mara mbili
likaacha kimya kizito kuliko kile lililokikuta.
Kaka yangu Reino amelala.
Soksi zake ziko juu ya hita
kama apendavyo: vidole vikitazama ukuta.

Jina la mradi. Naandika: Karakana ya Kuni.
Idadi ya wanufaika. Naandika: kumi na wanane.
Hapana nafasi ya kumwandika Lempi,
ajuaye siku ya kuzaliwa ya kila aliyewahi kumpa mkono,
wala Toivo, asiyesema,
bali hugonga meza mara moja kwa ndiyo
na mara moja, polepole zaidi, kwa hapana.
Kumi na wanane.
Namba haipigi chafya. Haina hasira za Jumatatu.

Kutoa ni moyo, husemwa.
Kumbe moyo una Kiambatisho B,
nakala tatu, sahihi ya mkaguzi,
na hufungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Kisanduku cha saba ndicho kilichonikwamisha:
Eleza mabadiliko yanayopimika.
Herufi mia mbili na hamsini, pamoja na nafasi.

Nipime nini?
Reino alijifunza kufunga fundo kwa miaka mitatu.
Mwaka wa kwanza alishika kamba tu,
kama mtu aliyeshikwa mkono na mgeni
asijue auache lini.
Mwaka wa pili mtita wa kuni ulimfungukia kila siku,
na kila siku alicheka yeye kwanza,
kabla sisi hatujaamua kama inafaa kucheka.
Katikati ya mwaka wa tatu, mama akafa.
Alhamisi baada ya mazishi
Reino aliketi kwenye stuli yake yenye madoa ya gundi,
akafunga. Fundo likashika.
Alifunga mitita arobaini na miwili kabla ya kahawa
na hakukubali hata mmoja uuzwe siku ile.

Nimeandika: Asilimia sabini na moja ya washiriki
wameongeza stadi za kazi za mikono.
Ni kweli.
Hata ziwa ni kweli kwenye ramani,
ukilikanyaga mguu haulowi.

Barua ilifika Juni.
Tuliomba gari lenye lifti ya viti vya magurudumu,
mshahara wa Bi. Saarinen, na madirisha mapya.
Madirisha, ndiyo. Gari, hapana.
Mshahara, miezi saba,
"kisha mradi utarajiwe kujitegemea."
Neno hilo nililisoma
huku namkatia Reino nyama vipande vidogo.
Nikajiuliza: bwana aliyetia saini
kola yake kapigiwa pasi na nani?

Lakini nisiwe mchoyo wa shukrani.
Novemba vioo vilipachikwa, vinene, visivyovuja baridi,
na Toivo akahamisha kiti chake bila kuambiwa.
Akatazama nje mpaka saa ya kwenda nyumbani.
Kisha akagonga kioo, mara moja,
upesi.

Sasa Februari tena, fomu nyingine,
na wanataka barua ya mwaka jana iambatishwe.
Nimeitafuta droo zote.
Lempi ndiye aliyekumbuka, pamoja na tarehe:
Reino aliipenda ile karatasi, nzito, yenye nembo ya dhahabu,
akaiweka katikati ya mtita, kuni pande zote,
akaifunga vizuri kuliko alivyowahi kufunga kitu,
na mzee mmoja akainunua kwa dola nne
akawashie moto wa sauna yake.

Nimemwandikia mfadhili kuomba nakala.
Sababu ya kupotea, herufi hamsini.
Nimeandika: Iliuzwa.
Zimebaki herufi arobaini na moja.